Madini Mepesi Yasiyopenda Kupindwa

Jinsi vitu vichache vinavyotiwa katika magnesiamu vinavyoibadili tabia yake

Katika karakana moja ya magari nilipata kuona jambo lililonifanya niulize maswali mengi, na majibu yake ndiyo ninayoyaleta mbele ya wasomaji. Fundi mzee alikuwa ameifungua injini ya Volkswagen, lile gari lenye umbo la kobe, na kasha la injini lilikuwa juu ya meza. Sikio moja la kasha hilo, mahali panapopita bolti, lilikuwa limepinda kidogo kwa sababu ya kuangushwa. Kijana aliyekuwa akijifunza kazi akatwaa nyundo ili alinyoshe, kama alivyokwisha kunyosha vyuma vingi. Alipiga pigo la kwanza, akapiga la pili, na kwa pigo la tatu sikio likakatika likaanguka sakafuni kama kigae.

"Mzee, sikulipiga kwa nguvu," kijana alisema.

"Najua, mwanangu," fundi akajibu. "Kosa si la nguvu. Umelipiga kana kwamba ni chuma, na hicho si chuma. Hebu liinue kasha uone uzito wake."

Kijana aliliinua akastaajabu, kwa maana alitazamia mzigo wa kumwinamisha mgongo. Kasha lile lilikuwa limesubiwa kwa madini yaitwayo magnesiamu, yaliyochanganywa na vitu vingine vichache. Magari ya namna ile yalijulikana sana katika Afrika ya Mashariki, na moja lao lilishinda mashindano ya East African Safari mwaka 1962. Watu wengi walisifu wepesi wa magari hayo. Ni wachache waliojua kwamba sehemu ya wepesi huo ilitoka katika madini ambayo, ukiyapinda yangali baridi, huvunjika badala ya kupinda.

Kwa nini madini mengine hupindika na haya huvunjika? Na je, tabia hiyo yaweza kubadilishwa? Wataalamu wamelishughulikia swali hili kwa miaka mingi, na jibu lake lina mafunzo kwa kila mtu ashikaye nyundo.

MAGNESIAMU NI NINI

Ijapokuwa jina lake ni geni kwa wengi, magnesiamu yenyewe si kitu kigeni kwetu. Imo katika maji ya bahari: kila tani moja ya maji hayo ina magnesiamu kiasi cha kilo 1.3, nayo ni sababu moja ya ule uchungu usikikao ulimini mtu akiyaonja. Imo katika majani mabichi ya mimea yote, kwa kuwa rangi yake ya kijani haiwezi kufanyika pasipo magnesiamu. Kadhalika imo katika haluli, ile chumvi ya kuharisha ambayo wazee wetu waliijua sana. Lakini katika vitu hivyo vyote imefungamana na vitu vingine, wala haionekani kuwa ni madini.

Humphry Davy wa Uingereza ndiye aliyeitenga kwanza kwa nguvu za umeme, mwaka 1808. Ilipita karne nzima kabla ya viwanda kuitumia kwa wingi. Mwaka 1941, katika mji wa Freeport, Texas, nchini Marekani, kampuni ya Dow ilianza kuitoa katika maji ya bahari. Siku hizi sehemu kubwa ya magnesiamu ya dunia hutoka Uchina, ambako hutolewa katika mawe kwa moto mkali.

Sifa yake kubwa ni wepesi. Tuseme debe la lita 20 limejazwa madini yaliyoyeyushwa yakaganda ndani yake. Likijazwa chuma, uzito wake ni kilo 157 hivi. Likijazwa aluminiamu, ile ya sufuria zetu, ni kilo 54. Likijazwa magnesiamu, ni kilo 35 tu. Yaani mtu mwenye nguvu aweza kulibeba debe la magnesiamu peke yake, lakini debe la chuma lahitaji watu wanne. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa ndege na magari huitamani sana, kwa maana chombo kikiwa chepesi hula petroli kidogo.

MAANA YA KUVUTIKA

Lakini wepesi peke yake hautoshi. Chombo kinachochukua watu hakina budi kuwa na sifa nyingine, nayo ni sifa ya kuvutika na kupindika bila ya kuvunjika.

Sifa hiyo hupimwa hivi. Huchukuliwa ufito wa madini, zikatiwa alama mbili juu yake zilizoachana milimita 100, kisha ufito huvutwa kwa mashine mpaka ukakatika. Vipande viwili vikiunganishwa tena, na alama zikaonekana zimeachana milimita 130, basi madini hayo yamevutika 30 katika kila 100. Zikiwa zimeachana milimita 103 tu, yamevutika 3 katika kila 100.

Tofauti hiyo si ya hesabu tupu. Madini yanayovutika sana hupinda kwanza, na kule kupinda ni onyo. Tena gari likigonga kitu, huimeza nguvu ya pigo kwa kujikunja. Madini yasiyovutika hayatoi onyo. Hukatika kwa ghafula, na vipande vyake huwa na makali. Basi mtu anayeunda usukani wa gari, au fremu ya kiti anachokalia abiria, lazima aulize swali hili kabla ya kuuliza juu ya uzito au bei.

RUNDO LA KARATA

Sasa tuone kwa nini magnesiamu tupu haipendi kupindwa. Chukua karata za kuchezea uziweke mezani ziwe rundo moja. Zisukume kwa ubavu: zateleza moja juu ya moja bila taabu. Kisha zipange tena sawasawa, uzikandamize kwa kiganja kutoka juu, ukitaka rundo liwe jembamba na pana zaidi. Hazikubali hata kidogo. Rundo lina njia rahisi ya kubadili umbo lake, lakini njia hiyo ni kwa upande mmoja tu.

Magnesiamu iko vivyo hivyo. Madini yo yote ni mkusanyiko wa punje ndogo ziitwazo fuwele, na ndani ya kila punje atomi zimepangwa kwa taratibu maalumu. Katika magnesiamu zimepangwa matabaka juu ya matabaka, na katika kila tabaka atomi moja imezungukwa na nyingine sita. Matabaka hayo huteleza kwa urahisi kama karata, lakini katika baridi ya kawaida ni vigumu mno kuteleza kwa njia nyingine. Aluminiamu na shaba zimepangwa kwa taratibu tofauti, nazo zaweza kuteleza kwa pande nyingi. Ndiyo maana sufuria iliyobonyea hunyoshwa kwa nyundo na mambo yakaisha.

Mwaka 1928 mtaalamu Richard von Mises alieleza kwamba punje ya fuwele, ili iweze kubadili umbo kwa namna yo yote bila ya kuachana na jirani zake, yahitaji njia tano za kuteleza zisizotegemeana. Kuteleza kwa yale matabaka ya magnesiamu hutoa njia mbili tu. Basi madini yakilazimishwa, punje hushindwa kufuatana, nafasi hufanyika baina yake, na nafasi hizo ndizo mwanzo wa ufa.

Iko njia nyingine ya kusaidia: sehemu ya punje hupinduka ghafula ikawa kama sura iliyo katika kioo cha kujitazamia, na wataalamu huiita pacha. Lakini pacha wa kawaida hufaa rundo likivutwa kwa upande wa kimo chake, wala hafai likikandamizwa. Ni mlango ufungukao kwa upande mmoja.

Tena yafaa tujue kwamba tabaka zima haliteleze kwa mara moja. Watu wakitaka kusogeza jamvi kubwa, hawalivuti lote. Hufanya kikunjo upande mmoja, wakakisukuma mpaka upande wa pili, na jamvi limesogea. Ndani ya madini nako mna vikunjo vya namna hiyo katika mpango wa atomi, na madini hupindika kwa kusogea kwa vikunjo hivyo. Vipo vikunjo vyepesi vinavyotelezesha matabaka kwa ubavu. Vipo na vizito viwezavyo kupunguza unene wa rundo. Hivyo vizito ndivyo tunavyovihitaji, na ndivyo vilivyo wavivu wa kusogea.

Moto huviamsha. Magnesiamu ikipashwa joto lipitalo digrii 200 za sentigredi, huanza kupindika vizuri, na viwandani bamba zake hukunjwa kwa joto la namna hiyo. Wahenga walisema, "Udongo upate ungali maji," na tena, "Samaki mkunje angali mbichi." Nasi twaweza kuongeza: magnesiamu ikunje ingali moto. Illa kupasha moto kila bamba ni gharama, na ajali ya barabarani haingoji madini yapate joto. Kwa hiyo wataalamu wametafuta njia ya pili, yaani kuibadili magnesiamu yenyewe kwa kuitia vitu vingine. Mchanganyiko wa madini wa namna hiyo huitwa aloi.

ALUMINIAMU NA ZINKI

Aloi nyingi za magnesiamu huwa na aluminiamu na zinki. Alama zake si ngumu kusoma: A ni aluminiamu, Z ni zinki, M ni manganizi, na tarakimu zinazofuata ni kiasi cha kila kimoja katika kila sehemu 100 za uzito. Basi AZ31 ina aluminiamu 3 na zinki 1. AZ91 ina aluminiamu 9 na zinki 1. AM60 ina aluminiamu 6 na manganizi kidogo isiyofika 1.

Aluminiamu huipa magnesiamu nguvu, na huifanya iliyoyeyuka itiririke vizuri ndani ya kalibu. Lakini ina kipimo chake. Mtu akitia sukari nyingi katika chai iliyo moto sana, yote huyeyuka. Chai ikipoa, sukari iliyozidi hutuama chini. Ndivyo ilivyo hapa. Katika joto la digrii 437 magnesiamu yaweza kuweka ndani yake aluminiamu karibu 13 katika kila 100. Ikipoa haiwezi kuihifadhi yote, na ile iliyozidi hujitenga, ikaungana na sehemu ya magnesiamu, ikafanya kitu kigumu chenye kuvunjika upesi. Kitu hicho hukaa katika mipaka ya punje kama chokaa mbovu baina ya mawe, na madini yakivutwa ufa huanzia hapo.

Kwa hiyo AZ91, iliyo na aluminiamu nyingi, ni aloi yenye nguvu na nzuri kwa makasha, lakini ikisubiwa kwa shindikizo katika kalibu huvutika kiasi cha 3 tu katika kila 100. AM60 ina nguvu pungufu kidogo, bali huvutika mara mbili ya hiyo au zaidi. Watengenezaji wa magari wameichagua AM60 na ndugu zake kwa fremu za usukani na za viti. Wameacha nguvu kidogo ili wapate usalama zaidi.

Zinki nayo huongeza nguvu ikiwa kidogo. Ikizidi, aloi hupata ugonjwa wa kupasuka ingali moto, hasa wakati wa kulehemu. Manganizi kazi yake kubwa ni kuikamata ile chembe ya chuma iliyoingia kwa bahati mbaya, kwa maana chuma kidogo tu huifanya magnesiamu iliwe upesi na maji ya chumvi.

ZIRIKONIAMU IPUNGUZAYO PUNJE

Mwaka 1937 Mjerumani F. Sauerwald na wenzake waliona jambo la ajabu: walipotia zirikoniamu kidogo, isiyofika sehemu 1 katika 100, punje za magnesiamu zikawa ndogo sana. Sababu yake ni kwamba atomi za zirikoniamu zimepangwa kwa taratibu inayofanana mno na ya magnesiamu, na kwa hiyo chembe zake huwa kama mbegu. Magnesiamu inapoganda huanza kuota juu ya mbegu hizo mahali pengi kwa wakati mmoja, na punje zikiwa nyingi haziwezi kuwa kubwa.

Punje ndogo zina faida mbili. Kwanza, kazi ya kupindika hugawanywa baina ya punje nyingi, isilemee chache. Pili, ufa ukianza hukutana na mpaka kila unapokwenda hatua kidogo, na kila mpaka huuzuia au huugeuza njia. Kwa namna hiyo aloi huongezeka nguvu bila ya kupoteza sana sifa ya kuvutika.

Lakini fahali wawili hawakai zizi moja. Zirikoniamu haiwezi kutiwa pamoja na aluminiamu, kwa kuwa viwili hivyo hushikamana, wala mbegu haibaki tena ya kufanya kazi. Basi aloi za magnesiamu zimegawanyika katika jamii mbili: zile zenye aluminiamu, na zile zenye zirikoniamu, kama ZK60, ambayo ina zinki 6 pamoja na zirikoniamu.

LITHIAMU IBADILISHAYO NYUMBA YENYEWE

Lithiamu ni madini mepesi kuliko yote. Hata huelea juu ya maji. Ikitiwa katika magnesiamu kiasi kidogo, huvirahisishia njia vile vikunjo vigumu. Ikifika kiasi cha 11 katika kila 100, hutokea jambo kubwa zaidi: mpango wa atomi wenyewe hubadilika. Lile rundo la karata huvunjwa, na atomi hujipanga kwa umbo la mchemraba, lenye njia nyingi za kuteleza. Madini hayo hupindika kwa urahisi yangali baridi.

Aloi iitwayo LA141, yenye lithiamu 14 na aluminiamu 1, ilitumiwa na Wamarekani kwa kasha la mashine ya hesabu iliyoongoza roketi ya Saturn V, ile iliyowapeleka watu mwezini mwaka 1969. Kwa nini basi hatuioni katika magari yetu? Kwa sababu lithiamu ni ghali, na aloi yake haina nguvu nyingi, tena huliwa upesi na hewa na unyevu. Kila dawa ina madhara yake, na hii yafaa mahali ambapo kila gramu ya uzito ina thamani.

CHEMBE ZA MADINI ADIMU

Tukija kwenye madini kama seriamu, itriamu na neodimiamu, ambayo wataalamu huyaita madini adimu, twaona jambo la kushangaza zaidi, nalo ni udogo wa kiasi kinachohitajiwa.

Magnesiamu ikipitishwa baina ya magurudumu mazito ili iwe bamba, punje zake zote hulala upande mmoja, matabaka yakiwa sambamba na uso wa bamba. Ni kama marundo mengi ya karata yaliyolazwa chali. Bamba hilo likikunjwa halina njia ya kupunguza unene wake, nalo hupasuka. Chembe za madini adimu huivuruga safu hiyo. Punje hulala kwa pande mbalimbali, na daima wapo marundo waliokaa kwa namna ya kufaa kuteleza. Wachunguzi wa Marekani walitia seriamu sehemu 0.2 tu katika kila 100, yaani gramu 2 katika kilo nzima ya magnesiamu, na fito zilizosukumwa katika tundu la kalibu zikavutika kiasi cha mara tatu ya magnesiamu tupu.

Itriamu nayo, ikitiwa kiasi cha 3 katika kila 100, huiwezesha magnesiamu kuvutika mara kadhaa zaidi, kwa sababu vile vikunjo vizito huonekana kwa wingi katika punje zake. Lakini kwa muda mrefu hakuna aliyeweza kueleza vizuri kwa nini.

Mwaka 2015 wataalamu Zhaoxuan Wu na W. A. Curtin, waliokuwa katika chuo cha Lausanne, Uswisi, walieleza kwamba katika magnesiamu tupu kikunjo kizito hakiishi muda mrefu. Mara hujigeuza umbo, kikajifunga mahali pake, wala hakisogei tena; na kikiisha kujifunga huwa kizuizi kwa vingine. Mwaka 2018 wao na wenzao walitoa sehemu ya pili ya maelezo. Chembe zilizotiwa hazikizuii kikunjo kisijifunge. Bali hukisaidia kuruka kutoka tabaka moja hadi tabaka jirani, na kila kinaporuka chaweza kuzaa vikunjo vingine. Basi vipya huzaliwa kwa haraka kuliko vile vya zamani vinavyojifunga, na kazi ya kupindika haikomi. Kwa hesabu zao waliweza kutaja mapema ni vitu gani vitakavyosaidia, na kwa kiasi gani. Aluminiamu na zinki peke yake hazisaidii sana hapo; itriamu na seriamu husaidia, na kiasi kidogo tu chatosha.

KALISIAMU ILIYO RAHISI

Tatizo la madini adimu ni bei, tena hupatikana kwa wingi katika nchi chache. Kwa hiyo wataalamu wamekitazama kitu kilichoenea duniani kote, nacho ni kalisiamu, ile iliyomo katika mawe ya chokaa na katika mifupa yetu. Mwaka 2017 Stefanie Sandlöbes na wenzake wa Ujerumani walitangaza aloi ya magnesiamu yenye aluminiamu 1 na kalisiamu 0.1 tu katika kila 100, isiyo na madini adimu hata kidogo, nayo ilivutika vizuri kuliko magnesiamu tupu na ilikuwa na nguvu zaidi. Kalisiamu ina faida nyingine pia: huifanya magnesiamu isishike moto kwa upesi.

Hapa tena kipimo ndicho bwana. Kalisiamu ikizidi, huungana na aluminiamu au na magnesiamu yenyewe ikafanya vitu vigumu, na ule ubaya tulioukimbia hurudi kwa mlango wa nyuma. Mpishi aijua siri hii. Chumvi kidogo hukoleza mchuzi. Chumvi nyingi huuharibu, wala haiwezi kutolewa tena.

MAFUNZO KWA MAFUNDI

Maneno haya yote yana faida gani kwa fundi asiye na maabara? Yana faida, tena kubwa, kwa maana vyombo vyenye magnesiamu vimo mikononi mwetu kila siku: makasha ya injini na ya gia, fremu za usukani na za viti, rimu za magari mengine, hata misumeno ya mashine. Fundi na ashike mambo haya manne.

Kwanza, atambue anachokishika. Kitu cha madini kikiwa chepesi mno kwa ukubwa wake, na sumaku haikishiki, asidhani moja kwa moja kuwa ni aluminiamu. Atafute alama juu yake. Mara nyingi herufi kama AZ91 au AM60 zimepigwa mahali pa ndani.

Pili, asikinyoshe kwa nyundo kingali baridi. Hata kisipokatika, chaweza kupata ufa mwembamba usioonekana kwa macho, ukangoja siku ya safari.

Tatu, asidhani kwamba kukipasha moto karakanani ni njia ya mkato. Kiwandani joto hupimwa kwa vyombo na kutunzwa. Moto wa kuchomea haupimwi, nao waweza kuziharibu punje au kukiwasha kitu chenyewe. Rimu, usukani au fremu ya kiti iliyopinda isinyoshwe kwa kubahatisha, bali ibadilishwe.

Nne, aogope vumbi na chenga zake. Kipande kikubwa hakiwaki kwa urahisi, lakini chenga zitokazo kwenye tupa na msumeno huwaka kwa mwanga mweupe wa kuumiza macho. Moto wa namna hiyo usimwagiwe maji kamwe, kwa kuwa maji huuzidisha. Hufunikwa kwa mchanga mkavu kabisa, au kwa unga maalumu wa kuzimia moto wa madini. Basi chenga zifagiliwe kila siku, wala zisikusanywe pembeni.

Yule fundi mzee hakumfukuza kijana wake, wala hakumkata mshahara. Alikiokota kile kipande cha sikio, akampa, akamwambia akiweke juu ya rafu mahali atakapokiona kila asubuhi. "Kila madini yana tabia yake," alisema. "Uliza kwanza, ndipo upige."

Wataalamu nao wamefanya vivyo hivyo, kwa vyombo vikubwa zaidi. Hawakuipiga magnesiamu mpaka ikubali. Waliuliza kwa nini inakataa, wakaona njia zake za kuteleza ni chache, kisha wakatafuta kitu cha kuzifungua. Na mara nyingi kitu hicho kimekuwa kidogo: gramu chache katika kilo nzima. Mwenye kuijua sababu ya udhaifu hahitaji dawa nyingi.